Pikapu tupu kwenye theluji: jua kwanza tairi lipi linateleza, ndipo upakie mchanga

Kila mwaka theluji ya kwanza ikianguka hapa Minnesota, mifuko ya mchanga hupangwa milangoni mwa maduka ya vifaa vya ujenzi, na wenye pikapu huibeba minne minne bila kuuliza. Wengine inawasaidia. Wengine wanalalamika baada ya wiki moja kwamba gari limekuwa baya kuliko lilivyokuwa. Uzito wa nyuma unatibu ugonjwa mmoja tu: matairi ya nyuma yanayosukuma gari huku yakikosa kitu cha kuyakandamiza chini. Kama gari lako linaumwa kingine, mchanga hautalitibu, na ukiuweka mahali pasipofaa utaongeza maradhi.

Pikapu imetengenezwa kwa ajili ya mzigo. Mbele kuna injini, giaboksi na kabini yenye watu. Nyuma kuna bodi tupu na springi ngumu zinazosubiri kubebeshwa. Pikapu kubwa za Marekani zikiwa tupu, karibu asilimia 55 hadi 60 ya uzito wote hukaa kwenye matairi ya mbele, ilhali zile zisizo 4x4 nyingi zinasukumwa na matairi ya nyuma. Aliyewahi kukwama kwenye tope la masika kule nyumbani analijua jambo hili hata kama hakuwahi kulipigia hesabu: dereva anaomba watu wapande nyuma, matairi yanakamata, gari linatoka. Kwenye theluji mambo ni yale yale, ila saa kumi na moja alfajiri, baridi ikiwa nyuzi 20 chini ya sifuri, huna abiria wa kumpandisha.

Kabla ya yote, hakikisha gari lako kweli linasukumwa na matairi ya nyuma. Ford Maverick ya kwanza yenye injini ya petroli na umeme, iliyotoka kama modeli ya 2022, inavutwa na matairi ya mbele japo umbo lake ni la pikapu. Gari la namna hiyo ukilipakia mchanga nyuma hulipi chochote kwenye matairi yanayofanya kazi, na ukiuweka mwisho kabisa wa bodi unayapunguzia hata kile yalichokuwa nacho.

Unakanyaga mafuta, tairi linazunguka, gari liko palepale

Kwa dalili hii mchanga una kazi, lakini hata hapa shuka kwanza uangalie nyuma ya gari. Ukikuta mistari miwili iliyong'arishwa na matairi yote mawili ya nyuma, na matairi yenyewe ni mazima na ni ya msimu huu, basi chanzo ni wepesi wa nyuma. Pakia.

Ukikuta mstari mmoja tu ndio uliong'aa, na tairi la upande wa pili halijazunguka hata kidogo, hiyo ni difu, kile kifaa cha gia kilicho katikati ya matairi mawili ya nyuma. Difu ya kawaida hugawa nguvu sawa kwa matairi mawili, kwa hiyo tairi lililo juu ya barafu likishindwa kushika, na mwenzake aliye kwenye lami kavu hupewa kiasi kile kile kidogo. Hapo uzito husaidia kwa shida, maana ukilikandamiza tairi lisiloshika kitu, bado halishiki kitu. Tiba ni kumwaga mchanga chini ya tairi hilo moja, au kufunga difu kama gari lako lina kitufe cha kuifunga. Magari ya abiria na pikapu zinazouzwa Marekani tangu modeli za 2012 sharti ziwe na mfumo wa kompyuta wa kuzuia gari kuserereka, na mara nyingi mfumo huo huo hubana breki ya tairi linalozunguka bure ili nguvu ihamie kwa mwenzake. Ukiona taa ndogo ya manjano yenye picha ya gari na michirizi inawakawaka kwenye dashibodi, ndiyo inafanya kazi hiyo. Usiogope. Punguza mafuta uipe nafasi.

Halafu tazama tairi lenyewe. Chini ya nyuzi 7 za Selsiasi mpira wa tairi la kiangazi huanza kukakamaa, na kwenye baridi yetu ya Januari unakuwa mgumu kabisa. Tairi la baridi lina mpira unaobaki laini, na ubavuni limechorwa mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake. Herufi M+S (tope na theluji) peke yake hazitoshi. Zinaeleza zaidi jinsi mifereji ilivyokatwa, hazithibitishi kwamba tairi limejaribiwa kwenye theluji. Mifereji ikishuka karibu na milimita 4, serikali ya Kanada inashauri tairi hilo lisitumike kwenye barabara yenye theluji, hata kama sheria ya kawaida bado haijaliita kipara.

Nasisitiza tairi kwa sababu hesabu yake iko wazi. Chukua pikapu ya kilo 2,200 ikiwa tupu, tuseme kilo 920 ziko kwenye matairi ya nyuma. Ukiongeza kilo 130 juu ya ekseli, yaani mhimili unaobeba matairi mawili ya nyuma, matairi hayo yanabeba 1,050. Hiyo ni nyongeza ya asilimia 14. Inatosha kukutoa kwenye kimwinuko cha gereji, inatosha kukuvusha taa ikigeuka kijani bila kucheza dansi katikati ya makutano. Haitoshi kufidia tairi lililokakamaa. Kule Quebec, kuanzia tarehe 1 Desemba hadi 15 Machi, mwenye gari lililosajiliwa humo analazimishwa na sheria kufunga matairi ya baridi. Hakuna anayelazimishwa kubeba mchanga. Kama fedha ni ya jambo moja tu mwaka huu, iende kwenye matairi manne. Manne, si mawili ya nyuma pekee, la sivyo nyuma itashika na mbele itakukimbia kwenye kona.

Nyuma inachomoka kwenye kona, au ukiachia mafuta

Gari limeondoka vizuri, uko kwenye kona ya kuingia barabara kuu, unaachia mafuta, na ghafla mkia unataka kukupita. Wengi hudhani mtu huserereka kwa sababu amekanyaga mafuta tu. Kwenye gari linalosukumwa na matairi ya nyuma, kuachia mafuta ghafla nako ni kufunga breki: injini inayashika matairi ya nyuma, na ni yale yale mepesi. Uzito juu ya ekseli husaidia hapa, lakini mguu wako husaidia zaidi. Achia polepole. Zima kidhibiti mwendo, kile kinachoshikilia mwendo mmoja bila mguu wako, ambacho hakitakiwi kabisa kwenye barabara ya utelezi. Kama gari lina kitufe cha kuvutia trela, kizime pia, kwa sababu kwenye mteremko kinarudisha gia chini chenyewe na kuongeza ile breki ya injini ambayo hukuiomba.

Ikishachomoka, toa mguu kwenye breki, angalia unakotaka kwenda, na geuza usukani kuelekea huko huko. Nyuma ikienda kulia, usukani uende kulia. Uwe tayari kuurudisha mara tu matairi yanaposhika, maana hapo ndipo watu wengi hutupwa upande wa pili.

Kama nyuma ilianza kuchomoka zaidi *baada* ya kupakia mchanga, chanzo kiko kwenye sehemu inayofuata.

Usukani umekuwa mwepesi, na wenzako wanakuwashia taa

Mzee mmoja jirani yangu, aliyehamia hapa kutoka Bukavu, alilalamika kwamba watu wa Brooklyn Park, mji wa hapa Minnesota, wamemchukia: kila akitoka usiku, magari yanayokuja mbele yanamuwashia taa kali. Nikamwambia, "Mzee, hebu tufungue nyuma." Mifuko mitano ilikuwa imepangwa kwa unadhifu dhidi ya mlango wa nyuma wa bodi, palepale mtu anaposhushia mzigo bila kuinama. Pua ya gari ilikuwa imenyanyuka na taa zake zilikuwa zinawachoma wenzake machoni. Na kwenye kona, alisema, gari "linafikiri kwanza".

Mzigo ukiwa nyuma ya ekseli, ekseli inakuwa egemeo na mbele inainuka. Pikapu yenye mita 3.7 kati ya matairi ya mbele na ya nyuma, ukiweka kilo 130 mita moja nyuma ya ekseli, mbele inapoteza kilo 35. Matairi ya nyuma yanapata kilo 165, na hapo ndipo udanganyifu ulipo: gari linaondoka vizuri kuliko hata ungeweka mchanga sawasawa, kwa hiyo mtu anaridhika. Hajui kwamba amelipia kutoka kwenye matairi yanayogeuza gari na yanayofanya sehemu kubwa ya kazi ya breki. Juu ya hayo, uzito ulioko mwishoni mwa mkia, mkia ukianza kuserereka, ni mgumu zaidi kuusimamisha.

Mahali pake ni juu ya ekseli ya nyuma, au mbele yake kidogo kuelekea kabini. Huhitaji kuingia chini ya gari kuitafuta: ni usawa wa katikati ya matairi ya nyuma, pale mabati ya magurudumu yanapoingia ndani ya bodi. Usisukume mifuko hadi kugusa kabini pia, kwa sababu sehemu kubwa ya uzito huo utakuwa umeipa mbele isiyouhitaji.

Usukani ukiwa mwepesi na huna mzigo wowote nyuma, usitafute sababu kwenye uzito. Tazama matairi ya mbele, na tazama barabara: utando wa barafu usioonekana, hasa juu ya madaraja, hufanya usukani uhisi kama haujafungwa kwenye kitu.

Breki hazikamati

Hapa naomba nieleweke vizuri, kwa sababu kwenye dalili hii imani ya uongo inaumiza watu. Mchanga haukufanyi usimame mapema. Uzito unaongeza nguvu ya tairi kushika barabara, lakini unaongeza kwa kiwango hicho hicho kitu kinachotakiwa kusimamishwa. Vinafutana. Unachopata ni nyuma iliyotulia zaidi wakati wa breki, nalo ni jambo jema, ila umbali wa kusimama hautapungua kwa kiasi cha kutegemea. Ukizidisha mzigo kupita kiasi, unapata gari zito lenye breki zile zile.

Na 4x4 vilevile. Inakuondoa kwa matairi manne, lakini magari yote husimama kwa matairi manne tangu mwanzo. Ukiona mitaro ya barabara kuu baada ya theluji, angalia ni magari gani yamelala humo. Mengi ni 4x4 yaliyoondoka vizuri mno.

Pedali ikitetemeka chini ya mguu na ukasikia mkwaruzo, ni mfumo wa kuzuia magurudumu kujifunga. Endelea kukanyaga, usipige-pige. Ikiwa gari linavutwa upande mmoja kila ukishika breki, hata kwenye lami kavu, huo ni ugonjwa wa breki, upeleke kwa fundi.

Kitu kingine ni hali ya hewa. Watu huogopa siku ya nyuzi 25 chini ya sifuri, lakini barafu iliyo karibu na sifuri, yenye utando wa maji juu yake, inateleza zaidi ya barafu kavu ya baridi kali. Kwa upande mwingine, chumvi ya kawaida inayomwagwa barabarani inapoteza nguvu baridi ya barabara ikipita nyuzi 9 hivi chini ya sifuri, kwa hiyo usitegemee kwamba kwa sababu gari la chumvi limepita basi barafu imekwisha.

Mzigo gani, kiasi gani, na ufungwe vipi

Kwa pikapu kubwa ya kawaida, mifuko minne au mitano ya pauni 60 inatosha. Ni kilo 109 hadi 136. Pikapu ndogo, mitatu au minne. Soma kibandiko kilicho kwenye fremu ya mlango wa dereva kinachoonyesha jumla ya watu na mizigo isiyotakiwa kuzidi. Kikisema kilo 700 na mmejaa watu wazima watano wa kilo 85, zimebaki 275. Toa mchanga wa 130, zinabaki 145 za masanduku, mashine ya theluji na kila kitu kingine.

Mchanga unauzwa kwenye mifuko mirefu myembamba iliyoshonwa kwa ajili ya kazi hii hasa. Nunua ulioandikwa kwamba ni mkavu, na ukifika nyumbani kila mfuko uutie kwenye mfuko wa plastiki mnene, ufunge mdomo. Mchanga uliolowa ukiganda unakuwa pande moja gumu, na siku unayotaka kuumwaga chini ya tairi hautatoka. Mmoja uuweke ndani ya kabini, kwenye joto. Huo ndio utakaokuokoa ukikwama.

Wapo wanaotumia matofali ya saruji, vyuma chakavu, hata injini iliyokufa. Sikubaliani nao. Ukigonga kitu kwa kilomita 50 kwa saa, chochote kisichofungwa ndani ya bodi kinaendelea mbele kwa mwendo huo huo, na kati yake na kichwa chako kuna bati na kioo. Mfuko wa mchanga unapasuka na kumeza sehemu ya kishindo. Tofali halipasuki. Wapo pia wanaoacha theluji ijae nyuma kwa kuwa ni ya bure. Haikai juu ya ekseli, inaenea hadi mlango wa nyuma, inageuka barafu chini na kuteleza kama pande moja, na ile ya juu inapeperuka kwenye kioo cha anayekufuata. Iondoe. Pipa la maji nalo likiwa nusu hutikisika na kulisukuma gari kwenye kona.

Kufunga mzigo ni kazi ya nusu saa. Bodi nyingi zina vijishimo vya wima kwenye kuta zake za pembeni, mbele na nyuma ya mabati ya magurudumu. Vimewekwa ili upenyeze ubao. Kata mbao mbili zenye urefu wa upana wa bodi, moja mbele ya ekseli na moja nyuma yake, na mifuko ilale katikati, kwa upana, imelala chini na si kusimama. Kisha pitisha mkanda wenye kibanio kutoka pete ya pembe moja hadi nyingine, juu ya mifuko. Ukimaliza, shika mfuko wa juu uuvute kwa nguvu zote. Ukisogea, kaza tena. Bodi yenye zulia la plastiki inateleza zaidi. Tandika mpira mzito chini ya mifuko kwanza.

Ilikuwa sawa Desemba, Januari imeanza tena

Pima upepo wa matairi kabla ya kitu kingine. Kila joto likishuka nyuzi 5 au 6 za Selsiasi, upepo unapungua kwa psi 1 hivi. Matairi yaliyojazwa psi 35 Oktoba, hewa ikiwa nyuzi 15, yatasoma karibu 29 kwenye baridi ya 20 chini ya sifuri bila kutoboka popote. Pima asubuhi kabla gari halijatembea, ujaze kwa kiwango cha kibandiko cha mlangoni. Shauri la kutoa upepo makusudi ili tairi litandazike ni la kujikwamua mahali pamoja, si la kuendeshea mjini ukiwa na mzigo nyuma.

Kisha fungua nyuma. Mkanda hulegea kwenye baridi, na mifuko iliyosogea nusu mita imeshavuka ekseli. Tazama pia kama theluji imejaa ndani ya magurudumu kwenye rimu. Usukani ukitetemeka ghafla kwenye mwendo wa barabara kuu asubuhi baada ya dhoruba, mara nyingi ni hiyo tu.

Na kama umekuwa ukitembea na 4x4 imefungwa tangu Krismasi, ikiwa ni ile ya kuwasha kwa mkono, itoe kila ukifika kwenye lami kavu. Mifumo hiyo hailegezi matairi ya mbele na ya nyuma yazunguke tofauti kwenye kona. Gari linabana, linarukaruka kwenye maegesho, na giaboksi ya 4x4 inaumia.

Umeshakwama

Kwanza kabisa nenda nyuma ukafukue bomba la moshi. Theluji ikiliziba, gesi ya kaboni monoksidi inaingia kwenye kabini, haina harufu, na inaua watu waliokaa ndani wakisubiri msaada na hita ikiwaka. Fanya hivyo hata kama unadhani utatoka baada ya dakika mbili.

Kisha fukua mbele na nyuma ya matairi yote manne, nyoosha usukani, mwaga mchanga wa kabini mbele ya matairi yanayosukuma, si chini yake tu, na ondoka kwa mafuta kidogo, gia ya pili kama ni ya mkono. Kompyuta ikikata nguvu kila ukijaribu, zima mfumo wake kwa muda kwa kitufe, uuwashe tena ukishatoka. Kwenda mbele na nyuma kidogo kidogo kunasaidia, ila kwa kiasi, maana giaboksi inachemka. Vitabu vingi vya magari vinaonya usizungushe tairi zaidi ya kilomita 55 kwa saa, na hapo kuna jambo ambalo wengi hawalioni: tairi moja likiwa limesimama na jingine linazunguka, lile linalozunguka linakwenda mara mbili ya mwendo unaousoma kwenye dashibodi. Ukiona 50, lenyewe liko 100. Tairi linaweza kupasuka kwa mwendo huo, kwa hiyo asisimame mtu nyuma yake, hata anayesukuma. Asukume akiwa pembeni.

Lini kuutoa

Theluji ikikoma kabisa, kwetu hapa ni mwezi wa Aprili. Kila kilo 45 unazobeba bure zinakula karibu asilimia 1 ya mafuta, na kwenye barabara kavu mzigo huo haukupi chochote. Ondoa na mbao na zulia pia, osha bodi kwa maji mengi hadi kwenye pembe, kwa sababu chumvi ya barabarani hujificha chini ya mifuko na kutu huanzia hapo. Mifuko iliyobaki mikavu ihifadhi gerejini juu ya ubao, isilale kwenye sakafu ya saruji inayotoa unyevu. Iliyopasuka imwage kwenye vidimbwi vya njia ya kuingilia gereji, na usiifagie kwenda kwenye mtaro wa maji ya mvua.